Insha Moja, Alama Moja



Nimeombwa nizungumzie usahihishaji wa insha, kazi ambayo walimu wa Kiswahili wa Karagwe na Kyerwa huifanya kila muhula, lakini ni mara chache tunakaa kuijadili.

Insha moja ikipewa alama 11 na mwalimu mmoja, na 6 na mwingine, aliyepimwa hapo si mtoto. Tumepima hulka zetu wenyewe. Mwaka 1912, huko Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott waligawa nakala za karatasi ileile ya Kiingereza kwa walimu zaidi ya 100. Alama zilianzia 64 hadi 98. Tusidhani kwamba sisi tumesalimika.

Kwetu ugonjwa huu una sura yake. Mtoto aliyelelewa kwa Runyambo huandika "kurima" akikusudia "kulima", maana lugha ya nyumbani haizitenganishi r na l kama Kiswahili. Nimewahi kusoma insha ya binti mmoja kuhusu mnyauko wa migomba, ule ulioingia Kagera mwaka 2006. Alieleza jinsi baba yake alivyong'oa shina baada ya shina, na jinsi jirani aliyekataa kung'oa alivyoambukiza shamba zima la bondeni. Hoja zilifuatana vizuri. Lakini karatasi ilikuwa nyekundu juu hadi chini, kila r iliyokaa mahali pa l imetozwa, na mwishoni 4 katika 15. Juu ya migomba mwalimu hakuandika neno.

Simtetei mtoto anayekosea tahajia. Nasema tahajia iwe na fungu lake. Tukichukua insha ya alama 15, mawazo yaweza kupewa 6, mpangilio 4, lugha 3, na tahajia 2. Kosa moja likirudiwa mara ishirini litozwe mara moja. Tena mwongozo ueleze kinachoonekana katika karatasi. Kuandika "insha nzuri, alama 12 hadi 15" ni kumwachia kila mtu uzuri wake.

Wako wanaodai kwamba mwongozo huua ubunifu. Hatari hiyo ipo, nakubali. Mtoto aweza kufundishwa kutaja hoja tatu kama kasuku. Ndiyo sababu mwongozo peke yake hautoshi, lazima wasahihishaji wasome karatasi zilezile pamoja kabla ya kuanza kazi.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitutaka tusimpime mtoto kwa mtihani wa mwisho peke yake. Basi hizi alama zetu za shuleni zina uzito. Tangu mwaka 2012 majibu ya kuchagua ya darasa la saba husomwa na mashine, nayo haichoki wala haina hasira. Insha bado i mikononi mwetu, saa nne za usiku, baada ya vipindi vya kutwa nzima.

Kyerwa ilitengwa na Karagwe mwaka huohuo wa 2012. Ofisi ziligawanyika, lakini mtihani wa ujirani mwema waweza kusahihishwa kwa kipimo kimoja pande zote mbili.

Hapa mezani ninazo nakala kumi, majina yamefunikwa. Naomba kila mmoja achukue kalamu ya risasi, asahihishe kimya, asimwonyeshe jirani yake. Baada ya chai tutaandika alama zote ubaoni.