Kiungo cha Malipo ya Sarafu za Mtandaoni na Usalama Wake



Mwaka 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliutangazia umma kwamba sarafu za mtandaoni, Bitcoin ikiwa mojawapo, si fedha halali katika nchi hii. Kwa hiyo hapana katibu mwenye ruhusa ya kuingiza humo hata senti moja ya chama. Hata hivyo viungo vya malipo ya sarafu hizo huingia katika simu za wanachama na za watoto wao, na mtu akigusa kimoja bila kujua kilivyotungwa aweza kupoteza mali ambayo hapana benki ya kuirudisha. Yafaa basi jambo hili lielezwe.

Kiungo ni mstari mmoja wa maandishi. Mwanzoni huwekwa jina la sarafu, kisha nukta mbili, kisha anwani ya anayelipwa, kisha alama ya kuuliza, na baada yake kiasi na maelezo. Mara nyingine mstari huo hutiwa katika picha ya vidoti vyeusi na vyeupe ambayo simu huisoma kwa kamera. Ukiguswa, programu itunzayo sarafu, iitwayo mkoba, hufunguka ikiwa imekwisha kujazwa kila kitu.

Makatibu wanaijua hundi. Hundi huandikwa na mlipaji, naye ndiye atiaye saini. Kiungo huandikwa na mdai. Kwa hiyo chafanana zaidi na ankara, na ankara hailipwi kwa sababu tu imeletwa mezani. Ndiyo maana kanuni ya Bitcoin iliyotungwa na Nils Schneider na Matt Corallo mwaka 2012, ijulikanayo kama BIP 21, ilikataza programu kulipa pasipo idhini ya mwenye mkoba, na ikashauri kwamba kila malipo yaidhinishwe peke yake.

Penye matata zaidi ni kiasi. Kanuni iliyotangulia, BIP 20, iliruhusu kiasi kiandikwe kwa namna kadhaa, hata kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita badala ya kumi. Mwandishi yeyote wa daftari la fedha atatambua hatari yake: tarakimu zile zile kusomwa na watu wawili kwa thamani mbili. BIP 21 ikafuta hayo. Kiasi kikawa ni Bitcoin nzima na sehemu zake, kwa nukta, na mkato ukapigwa marufuku, kwa kuwa ziko nchi ambazo mkato hutenga maelfu na nyingine ambazo hutenga sehemu za kumi. Lakini sarafu ya Ethereum ilipopata kanuni yake mwaka 2017, ERC-681, ilichagua kuhesabu kwa kipande kidogo kabisa cha sarafu hiyo, ambacho vipande 1,000,000,000,000,000,000 ndivyo vifanyavyo ether moja. Basi tarakimu 5 katika kiungo cha kwanza ni mali nyingi, na katika cha pili ni karibu na si kitu. Kila kanuni yaeleweka ikisomwa peke yake. Taabu ni kwa atumiaye zote mbili.

Jambo moja la busara katika BIP 21 lastahili kusifiwa. Mdai aweza kuongeza sharti na kulitia alama kwamba ni la lazima. Programu isiyolifahamu sharti hilo imepasa kukikataa kiungo kizima, kama vile karani mwangalifu arudishavyo hati yenye kifungu asichokielewa badala ya kukiruka na kulipa.

Katika anwani zimo herufi za ukaguzi, zinazokokotolewa kutokana na herufi nyingine. Katika anwani za Bitcoin za namna ya Bech32, iliyobuniwa mwaka 2017, makosa ya herufi hadi nne hugunduliwa kwa hakika. Hiyo ni kinga dhidi ya mkono uliokosea, wala si dhidi ya mwizi. Anwani ya mwizi nayo ina herufi sahihi za ukaguzi. Ziko programu za hila ambazo hungoja mtu anakili anwani, kisha huibadilisha kabla hajaibandika. Na wako watengenezao anwani ambayo mwanzo na mwisho wake wafanana na ya kweli. Atazamaye ncha mbili tu hajakagua.

Mwaka 2013 Gavin Andresen na Mike Hearn walipendekeza BIP 70, ambayo kwayo ankara ilitiwa saini ya cheti cha tovuti ya muuzaji. Wazo lilikuwa jema, lakini lilidai programu nzito. Aprili 2014 ilipofichuliwa kasoro iliyoitwa Heartbleed katika programu ya OpenSSL, mkoba mkuu wa Bitcoin ulilazimika kutolewa upya kwa haraka, maana njia hiyo ya malipo iliitegemea. Kufikia mwaka 2020 BIP 70 ilikuwa imekwisha kuondolewa humo.

Limebaki jina la mlipwaji lionekanalo kwenye kioo cha simu. Katika BIP 21 jina hilo ni maneno ya kawaida yaliyoandikwa na mtunzi wa kiungo. Aweza kuandika jina la duka, la shule au la chama chochote, na hapana mahali programu inapolilinganisha na anwani.