Gari yetu ibebe nini? Habari ya springi na difu za pikapu ya Lubondja

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Lubondja



Tumeombwa tueleze kwa nini pikapu ilikaa garajini wiki sita, na kwa nini imerudi bila kuinuliwa wala kuvikwa matairi makubwa kama wengi walivyongoja. Tutaanza na gari yenyewe.

Ni Land Cruiser HJ47. Toyota ilianza kutengeneza jamii hii ya 40 mwaka 1960, na huko Japani ikaiacha 1984. Yetu ina injini ya dizeli ya 2H, silinda sita, karibu lita nne, kwa hiyo ni ya ile miaka ya mwisho. Meli zilipoanza kuturudisha kutoka Kigoma hadi Baraka, Oktoba 2005, hii gari ilikuwa imeshapita miaka ishirini. Inaomba heshima ya mzee: usimbebeshe mzigo wa kijana.

Tulipoinunua tulikuta nyuma, kila upande, lame mbili nene za lori zimeongezwa kwenye springi. (Waliobaki hapa wanasema lame, pon na karda. Sisi tuliokaa Nyarugusu na Lugufu tunasema springi, difu na propela. Garajini tulipoteza nusu siku mpaka tukaelewana.) Mwenyewe wa kwanza alitaka kubeba tani mbili, na alizibeba. Lakini chuma cha springi kina hesabu yake: ukiongeza unene wa lame mara mbili, ugumu wake hauwi mara mbili, unakuwa mara nane. Springi ya namna hiyo haipindi tena. Jiwe likipiga gurudumu, pigo linapanda moja kwa moja kwenye chasi, na kutoka hapo kwa aliyelala nyuma. Chasi tulikuta imeanza kupasuka pale springi inaposhikiliwa. Na wamama mnajua wenyewe: yule aliyeshushwa Baraka na uchungu wa kuzaa alisema mara nyingine abebwe na tipoyi. Maneno hayo tuliyachukua kwa uzito kuliko ripoti yoyote.

Basi lame za lori zimetoka. Chasi imechomelewa na kuongezewa bamba. Springi zimerudi unene wake wa zamani, na chini yake fundi ameweka lame moja iliyonyooka ambayo haifanyi kazi gari ikiwa tupu. Mzigo ukishusha gari ndipo springi inailalia na kupata msaada. Akibebwa mgonjwa peke yake, springi inacheza. Yakipakiwa magunia, inakaza.

Mfadhili mmoja aliuliza kwa barua kwa nini hatukuweka springi za kuzunguka kama za Land Cruiser mpya. Ni swali zuri. Toyota yenyewe iliziweka mbele kwenye jamii ya 70 mwaka 1999. Ila kwetu ingebidi kukata na kuchomelea mahali pote zinaposhikiliwa, na siku moja ikivunjika porini, gari italala hapo. Lame ikivunjika, fundi wa hapa anakata nyingine kutoka springi ya lori kuukuu, analinganisha unene, anafunga, mnaendelea.

Vijana walitaka iinuliwe na ipewe matairi makubwa. Tairi ambalo mzunguko wake umezidi kwa sehemu moja ya kumi ni sawa na kurefusha gia zote kwa kiasi hicho. Kwenye kilima injini inalemewa, dereva anashikilia klachi, na klachi inaungua. Breki nazo zinapata kazi zaidi. Ukiinua gari, propela inakaa kwa pembe kali na viungo vyake vinakwisha haraka, na mzigo wa juu unapenda kulala pembeni. Tulikataa, na tungekataa tena.

Pesa nyingi zimekwenda kwenye difu ya nyuma. Meno yalikuwa yameliwa. Garaji moja ilitupa difu nzima kwa bei rahisi, ikaingia vizuri, boliti zote sawa. Fundi wetu hakuamini. Aliinua gurudumu moja kwa kriki, lile lingine likabaki chini, mawe yakawekwa, gia ikatolewa. Akachora chaki kwenye tairi na kwenye propela, akazungusha gurudumu mara mbili kamili. Ya mbele ilitoa mizunguko minne na kidogo. Ya nyuma haikufika minne. Walipofungua: mbele meno 37 kwa 9, nyuma 37 kwa 10.

Ni jino moja tu, lakini hii gari haina difu ya katikati. Ukiingiza magurudumu yote manne, mbele na nyuma vinafungwa pamoja. Wakati ya mbele yanazunguka mara kumi, ya nyuma yanataka kumi na moja. Kwenye tope yatateleza na hamtajua. Kwenye mwamba au daraja la simenti hakuna pa kuteleza, na kitakachovunjika ni gia boksi, ambayo bei yake inazidi pesa zote tulizo nazo. Tuliirudisha. Tukangoja krauni na pinioni za 37 kwa 9, zilizotoka pamoja kwenye gari moja. Ndiyo zile wiki tatu ambazo watu walisema tumekula pesa.

Sasa jambo gumu. Kuanzia leo gari inabeba kilo mia nane: magunia manane ya kilo mia, wala hakuna mtu kukaa juu yake. Bidoni ya mawese ya lita 20 ni karibu kilo 18, itahesabiwa hivyo, hata kama ni ya mjumbe wa kamati. Dereva akishuka kilima na mzigo ashuke kwa gia ndogo, asitegemee breki.

Tunajua wafanyabiashara mnaumia, na hamkosei. Mzigo wa siku ya soko ndio unaonunua dizeli ya wagonjwa, na wafadhili walilipia vyuma, hawakulipia dizeli. Magunia yakipungua, sanduku linapungua. Njia ni mbili: bei ya gunia ipande, au gari iende sokoni mara mbili kwa wiki. Sisi tunaona bei ipande, kwa sababu safari ya pili inakula gari na inaweza kumkuta mgonjwa anangoja.

Gari iko nje chini ya mwembe. Kriki na chaki zipo, anayetaka kuhesabu aje ahesabu mwenyewe. Kisha turudi ndani tupige kura juu ya bei.