Kazi ya Kompyuta na Vijana Wetu
(Hotuba ya Kamati ya Elimu iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Mwaka jana mlitutuma tuangalie hali ya vijana wetu wanaosomea kazi ya kompyuta. Tumekwenda, tumeuliza, tumesikiliza, na leo twawaletea tuliyoyaona.

Kazi hii si ngeni tena. Machi 2007 M-Pesa ilianza, watu wakawa wanapelekeana fedha kwa simu. Mwaka 2009 nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zilifika hapa Mombasa, na mmojawapo, uitwao TEAMS, watoka Fujairah katika Falme za Kiarabu. Basi njia ile ile yaliyojia majahazi kwa kaskazi ndiyo ipitishayo leo habari za dunia kwa kufumba na kufumbua. Wenye maduka wahitaji watu wa kuwatungia programu, na vijana wetu wajua kuzitunga. Elimu hiyo wanayo.

Upungufu tulioukuta ni mwingine. Kijana mmoja wa chama hiki, ambaye hatutamtaja jina, alimtungia mwenye duka programu ya kuhesabu mali ghalani. Alifanya kazi miezi minne. Bei walipatana kwa mdomo, arbuni hakuchukua, hati hawakuandikiana. Kazi ilipokwisha alilipwa nusu, akaambiwa asubiri. Na huku akisubiri aliitwa kila juma arekebishe hili na kuongeza lile pasipo malipo, hata programu ile ile ikatiwa katika maduka mengine mawili asiyoyajua. Alipokuja kwetu kuuliza haki yake tulimpeleka kwa mwanasheria, na hapo ndipo sisi wenyewe tulipofunzwa.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya maandishi, kama kitabu. Lakini sheria hiyo hiyo yasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, ila kama wawili hao wamepatana vingine. Ni hivyo pia kwa kazi aifanyayo mwajiriwa katika ajira yake. Yaani, wazee wetu, kijana akinyamaza, amekwisha uza chote. Mistari miwili katika hati, kwamba mnunuzi amepewa ruhusa ya kuitumia programu katika duka moja na haki yabaki kwa mtunzi, ingemwokoa.

Haya si mambo ya mashine. Ni biashara, nayo ninyi mliopo hapa mwaijua kuliko walimu wa vijana hawa. Aliyeunda jahazi ajua kwamba kuunda kuna bei yake na kukalafati kuna bei yake. Programu nayo hutaka kukalafatiwa, maana simu hubadilika, sheria za kodi hubadilika, na wezi wa mtandaoni hawalali. Aliyefanya biashara ya nazi ajua arbuni, ajua stakabadhi, ajua kutomkopesha mtu kwa kuona haya. Vijana wetu hawayajui, na tuseme kweli, hatukuwafundisha. Tulipowaona wameinamia kompyuta tulidhani ya kwao yametupita.

Tena kazi kubwa hazifanywi na fundi peke yake. Januari 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilitungwa Ushahidi, programu ya kupokea habari za ghasia kwa simu na intaneti na kuzionyesha katika ramani. Miongoni mwa walioianzisha walikuwamo Ory Okolloh, mwanasheria, na David Kobia, mtunzi wa programu. Miaka miwili baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Kwa hiyo twaomba Mfuko wa Elimu, ambao hadi sasa umelipa karo tu, ulipe pia gharama ya kuandikisha jina la biashara kwa kila kijana amalizaye mafunzo, jambo ambalo siku hizi hufanywa kwa eCitizen bila kusafiri. Zaidi ya hayo, na hili ndilo kubwa, kila kijana apewe mzee mmoja mfanyabiashara wa kumsomea hati zake kabla hajatia sahihi. Naye kijana atamwonyesha mzee huyo daftari la saa zake za kazi. Wengi tuliowauliza hawakujua kazi yao ya mwisho iliwachukua siku ngapi. Basi bei wataikisiaje? Kuna chombo kiitwacho Git, alichokitunga Linus Torvalds mwaka 2005, ambacho huweka kumbukumbu ya kila badiliko la programu pamoja na jina na saa. Ni ushahidi mzuri, lakini hakimfundishi mtu kudai.

Katika Kamati hatukukubaliana sote. Wenzetu wawili walihofu kwamba fedha za karo zitapungua, na hofu yao ina haki, maana mfuko ni mdogo. Ikiwa mkutano utaona fedha hazitoshi, basi gharama za kuandikisha zingoje mwaka ujao, lakini suala la wazee lisingoje, kwa kuwa halina gharama.

Aliye tayari kumchukua kijana na ampe Katibu jina lake leo kabla ya chai. Yule kijana tuliyemtaja amekwisha andika barua ya madai, na mzee mmoja amejitolea kwenda naye Jumatatu.