Simu inashika rezo ya Gisenyi: nani analipa?

Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, mkutano wa mwezi, Katoyi

Mumezoea sisi wa tereni tuwaletee habari ya mahindi, mabashi na minerval. Leo tunaleta habari ya simu, sababu ulizo linalorudi kila wiki ni moja: "Inite zangu zinaliwa na nani?"

Kila mutu hapa ameona jambo hili. Unatoka Katoyi, unashuka Birere, unakaribia Petite Barrière. Simu inalia, ujumbe unaingia: karibu Rwanda. Na miguu yako ingali Goma! Si uchawi. Simu haijui mupaka, inajua tu ni mnara gani unasikika vizuri, na mawimbi ya redio hayaombwi jeton.

Kila karti SIM inabeba namba ya ndani, si ile unayopatia watu. Tarakimu 3 za kwanza zinaonyesha inchi: 630 ni Kongo, 635 Rwanda, 641 Uganda. Zinazofuata zinaonyesha kampuni. Simu ikibisha hodi kwa rezo ya wageni, ile rezo inasoma namba, inaona huyu si wetu, inauliza rezo ya nyumbani: mutu huyu ni wenu, mutatulipa? Kama makampuni hayo mawili yako na mapatano, nyumbani wanajibu ndiyo, na wanaandika kwa daftari yao fasi uliko. Kama hakuna mapatano, unabaki bila rezo.

Sasa tufike kwenye kupokea, maana hapo ndipo wengi wanaumia. Uko na karti ya Uganda, umesharudi Katoyi. Mtoto aliyebaki Nakivale anakupigia. Kwake ni simu ya Uganda kwa Uganda, analipa bei ya kule tu. Rezo ya Uganda inafungua daftari, inaona uko Kongo, inasukuma sauti mpaka huku. Hiyo safari ya pili ni wewe unayepokea unailipa. Ndiyo maana inite zinakatika na haujapigia mutu yeyote. Mega nazo ni vilevile: zile ulizonunua kwa matumizi ya kule mara nyingi hazihesabiwi huku, intaneti inakula inite moja kwa moja, hata usiku ukiwa umelala.

Haikuwa lazima iwe hivi. Mwaka 2006 Celtel ilifungua One Network kati ya Kenya, Uganda na Tanzania: mteja alipiga kwa bei ya wenyeji na alipokea bure. Mwaka 2007 Kongo ikaingizwa. (Celtel baadaye ikawa Zain, na 2010 ikawa Airtel.) Kisha mwaka 2014 serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zikapatana kuweka kikomo cha bei na kuondoa malipo ya kupokea. Kongo haikuwemo, tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 tu. Yaani mutu wa Kigali akienda Kampala alipata unafuu, na sisi tunaoona Gisenyi kwa macho tukabaki nje. Kwa maoni yetu, vyama kama hiki vina haki ya kuiuliza ARPTC jambo hili kwa barua.

Mama mmoja wa kwetu alitaka kutupa karti yake ya Uganda, amechoka nayo. Tukamuuliza: binti yako kule kambini anajua namba gani? Ile tu. Mama, usitupe. Namba ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni inaweza kuichukua na kuiuzia mutu mwingine, na siku binti anapiga, mgeni anaitika. Kwanza mutumie ujumbe wa maandishi na namba ya +243, ngojea ajibu, aishike kwa kichwa. Na pesa iliyo kwa simu, mutu aitoe mbele ya kuvuka, sababu menyu ya pesa mara nyingine haifunguki ukiwa inchi ingine.

Lakini +243 yenyewe inaomba kitambulisho, na kwetu kitambulisho ni karti ya uchaguzi. Wengi wenu mwaka 2023, wakati wa kuandikisha, mulikuwa ukimbizini. Basi munaazima jina la jirani. Halafu msaada wa pesa unakuja kwa simu, na kwa orodha jina ni lako, kwa SIM jina ni la jirani. Tumeona ndugu wanagombana kwa hiyo.

Wafadhili, tunawaambia wazi: simu mpya si haja ya kwanza. Mutu anayerudi anahitaji nauli ya kwenda kutafuta vyeti na pesa ya kuvilipia, ili SIM iandikwe kwa jina lake. Kamati inaweza kuwaonyesha ni nani wanangojea.

Wenye karti ya Uganda ao ya Rwanda, mubaki hapa kisha mkutano. Tutazima intaneti ya ugenini na kuchagua rezo kwa mkono, simu moja moja. Bazee watangulie.