Utani Mjini

Wachunguzi wa jamii huuliza: makabila mengi yakaapo mji mmoja, ni nini kiyazuiacho yasigombane? Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 kuwa utani ni urafiki na uadui vilivyofungwa pamoja: mtani hutukana, naye atukanwaye haimpasi kukasirika. Mchafukoge na Kariakoo hawakungoja kitabu. Mnyamwezi alishuka pwani na misafara ya pembe, akamkuta Mzaramo, wakawa watani.

Lakini utani si mzaha tu, kama wadhanivyo baadhi yetu tuliosoma. Msibani mtani huchimba kaburi, huwaigiza marehemu na wafiwa hata wakacheka, kisha hudai ada yake. Basi karani aliyehamishiwa huku, ndugu zake wakiwa mbali, kabila lake halina mtani hapa: chama chetu, chenye daftari na mweka hazina, kimemwekea nini?