Vitu vilivyotumika Riyadh na Jeddah: fedha zitoke mkononi lini?



Biashara ya vitu vilivyotumika katika miji ya Riyadh na Jeddah, nchini Saudi Arabia, haikuanza na intaneti. Kwa miongo mingi wakaazi wa Riyadh wamekuwa wakienda Haraj bin Qasim kutafuta makabati, magodoro na majokofu, na wenzao wa Jeddah walikuwa na Haraj as-Sawarikh, kusini mwa mji. Neno haraj kwa Kiarabu lina maana ya mnada. Huko mnunuzi alikiona kitu, akakigusa, akakiwasha, wakapatana bei, ndipo akatoa fedha. Kitu na fedha vilibadilishana mikono kwa wakati mmoja, na usalama wa pande zote mbili ulikuwa katika jambo hilo.

Sasa sehemu kubwa ya mnada imehamia kwenye simu. Tovuti mashuhuri ya matangazo nchini humo imechukua jina hilohilo la Haraj, na kwa muda mrefu imewataka wauzaji waahidi kwa kiapo kuilipa asilimia 1 ya bei baada ya kuuza. Lakini kiapo hicho ni baina ya muuzaji na wenye tovuti. Hakimlindi mnunuzi wa Riyadh anayetumiwa picha ya jokofu lililoko Jeddah, umbali wa kilomita 950 hivi.

Miongoni mwa wanunuzi na wauzaji hao wamo madereva, walinzi na wafanyakazi wa nyumbani kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Anayewasili hutafuta simu na godoro. Anayemaliza mkataba huuza vyote kabla ya siku ya safari. Wote wawili wana haraka, na haraka ndiyo mtaji wa mlaghai. Kwa mtu anayepokea riali 1,000 kwa mwezi, jokofu la riali 400 ni jasho la siku 12.

Mbinu ya mlaghai kwa kawaida huwa moja. Bei huwa chini kidogo ya bei ya soko. Muuzaji husema kwamba wateja ni wengi, kisha huomba kiasi kidogo ili akiweke kitu pembeni. Kiswahili kina jina la malipo hayo: arbuni, neno lililotoka katika Kiarabu na ambalo Waarabu wenyewe wangali wakilitumia sokoni. Arbuni ni desturi ya haki pale ambapo wawili wanajuana, au kitu kimekwisha kuonekana. Ikitumwa kwa mtu asiyejulikana, kwa ajili ya kitu kisichoonekana, inakuwa karibu mno na neno jingine la Kiswahili, kurubuni. Anayelipa kwa namna hiyo hanunui jokofu, bali ananunua mbuzi kwenye gunia, na pengine hata huyo mbuzi hayumo.

Mwendo wa fedha wenyewe umebadilika. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Saudi Arabia ilizindua mfumo wa sarie, unaopeleka fedha kutoka benki moja hadi nyingine mara moja, usiku na mchana. Ni faida kubwa kwa mwaminifu, lakini ni faida pia kwa mwizi, kwani fedha humfikia kabla mnunuzi hajaingiwa na shaka. Aprili 2022, baada ya visa vya ulaghai kuongezeka, benki hiyo ilichukua hatua za muda, ikiwa ni pamoja na kusimamisha ufunguaji wa akaunti binafsi kwa njia ya mtandao na kuweka kikomo cha riali 60,000 kwa uhamishaji wa siku moja.

Kwa hiyo swali la kwanza si kulipa kwa kadi, kwa simu au kwa noti. Swali ni: fedha zitoke mkononi lini? Jibu la soko la zamani lingali sahihi: baada ya kitu kuonekana na kujaribiwa. Mnunuzi akutane na muuzaji mahali penye watu, mchana, akiwa na mwenzake. Simu iwashwe na namba yake ya utambulisho itazamwe kwa kubonyeza *#06#. Uhamishaji wa fedha ufanywe papo hapo, na jina la mwenye akaunti liwe la mtu aliyesimama mbele yake. Ikiwa muuzaji yuko mji mwingine, atafutwe ndugu au rafiki wa kwenda kukitazama kitu, au itumike kampuni ya usafirishaji inayopokea malipo wakati wa kukabidhi. Kwa upande wa magari, huduma ya serikali ya Absher inao utaratibu wa kuyauza baina ya watu binafsi, ambapo fedha huzuiwa mpaka umiliki uhamishwe.

Muuzaji naye ana hatari zake. Picha ya risiti ya benki si fedha, kwani hughushiwa kwa dakika chache. Kitu kisitoke kabla ya kiasi kuonekana ndani ya akaunti yenyewe. Anayepokea malipo hahitaji kutoa namba ya siri inayotumwa na benki, wala kujaza taarifa za kadi yake kwenye kiungo alichotumiwa. Anayeziomba hakusudii kulipa, anakusudia kuchukua.

Hatari iliyo kubwa zaidi kwa mgeni ni kumwazima mtu akaunti. Mwenzake humwambia, "Ndugu yangu, fedha za mteja zipitie kwako, nawe utabaki na riali 100." Aliyetapeliwa akishtaki, jina linaloonekana benki ni la mwenye akaunti. Sheria ya mwaka 2021 dhidi ya ulaghai wa fedha imeweka adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 7 na faini isiyozidi riali milioni 5, na anayesaidia naye huwajibika.

Ikiwa fedha zimekwisha kwenda, aliyedhulumiwa asikae kimya kwa aibu. Aipigie benki yake saa hiyohiyo, ahifadhi mazungumzo, tangazo na namba ya akaunti, kisha atoe taarifa polisi au kupitia programu ya Kollona Amn. Ujumbe wa ulaghai unaoingia kwenye simu hupelekwa kwa namba 330330.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Jokofu zuri likichukuliwa na mwingine leo, kesho litatangazwa jingine. Mshahara wa mwezi ukienda kwa asiyejulikana, kurudi kwake ni kwa shida.