Ukimya wa Jirani Aliyetoka Mbali

Katika makazi ya Katumba na Mishamo mkoani Katavi, na Ulyankulu mkoani Tabora, wapo wazee walioikimbia Burundi mwaka 1972. Zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo, wakiwamo watoto na wajukuu waliozaliwa nchini, walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na vyeti vilianza kugawiwa mwaka 2014. Cheti huondoa hofu ya kurudishwa. Hakiondoi kwa siku moja huzuni ya aliyeacha nyuma shamba na makaburi ya wazazi.

Msongo wa mhamiaji aghalabu hujitokeza baada ya nyumba kusimama na njaa kupungua, mtu apatapo wasaa wa kuhesabu alichopoteza. Mzee aliyezoea kusuluhisha mashauri ya ukoo hujikuta akiongozwa na mjukuu, kwa kuwa mjukuu ndiye ajuaye Kiswahili vizuri. Heshima hupinduka nyumbani, naye hunyamaza.

Lakini mwili husema: kichwa huuma, moyo huenda mbio, usingizi hukatika, chakula hakina ladha. Majirani wengine hudhani ni kiburi. Wengine hudhani amerogwa. Hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi na kumzuia mtu kufanya shughuli zake, apelekwe zahanati au kituo cha afya. Sonona ni ugonjwa unaotibika, kwa ushauri nasaha na, inapobidi, kwa dawa. Anayetamka kuwa ni heri afe asiachwe peke yake. Apelekwe siku hiyohiyo.

Katika safari hiyo, mtoto asifanywe mkalimani. Mama hatayasema mbele ya mwanawe yaliyompata njiani. Na akiyasema, mtoto atabeba mzigo usiolingana na umri wake. Atafutwe mtu mzima ajuaye lugha zote mbili na awezaye kutunza siri, na mgonjwa mwenyewe ndiye amkubali.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika jambo hili mwenyeji naye ana wajibu wa kumponya aliyekuja. Amwalike harusini na msibani, na mkutanoni amsubiri amalize kusema, hata Kiswahili chake kikiwa cha kusitasita. Mzee anayeombwa ushauri hurejeshewa sehemu ya hadhi aliyoiacha ng'ambo ya mpaka.